Uzi: iPhone, Samsung na Redmi nyumba moja, paswadi ya Wi-Fi haipiti. Nyie mwafanyaje?

#1 BintiKibokoni (Jumapili, saa 3:12 usiku)

Salaam aleikum.

Kuna jambo dogo limenikaa kooni tangu Ijumaa. Jumamosi ijayo ni harusi ya mdogo wangu na nyumba ishajaa wageni. Mjomba na wanawe wametoka Maskati, wote iPhone. Shangazi wa Tanga ana Redmi. Mimi Samsung. Mama ana simu yake ya miaka mingi, nembo imefutika kwa kushikwa, sote twaiita "ile nyeusi".

Paswadi ya Wi-Fi aliitia fundi aliyetuvutia faiba. Herufi kumi na sita, kubwa kwa ndogo, sifuri na O zimekaa jirani, na imeandikwa chini ya ruta kwa maandishi ya sisimizi. Ruta yenyewe iko juu ya kabati la vyombo. Kila mgeni akiingia, mimi napanda kiti.

Sasa kilichonishangaza. Mjomba alihangaika nayo herufi moja moja mpaka akaingia. Mwanawe mkubwa alipofika usiku sikuitwa. Mjomba alisogeza simu yake, ikamuuliza jambo, akabonyeza mara moja, kijana ndani! Nikamwambia haya, mfanyie na shangazi. Simu ya shangazi tukaiweka pale pale mezani, ikakaa kimya kama mtu asiyealikwa.

Mbona wao kwa wao hupeana na sisi hatupewi? Na iko njia ya kuitoa paswadi kwenye simu ya aina hii ikaingia ya aina ile, kabla sijavunjika kiuno nikaikosa harusi?

#2 Kisauni_Kwetu (saa 3:20 usiku)

Hao ni ukoo wa kuoana binamu kwa binamu. Hawaozi nje. Pole dada.

#3 FundiMwembeTayari (saa 3:41 usiku)

Binti, ulichokiona kiko kwenye iPhone tangu iOS 11 (iOS ndiyo mfumo unaoiendesha iPhone), mwaka 2017. Simu moja ikigonga mlango wa Wi-Fi ambayo ya pili imo ndani, ile ya pili humuuliza mwenyewe "nimpe?" Lakini ina masharti. Zote mbili ziwe na Wi-Fi na blututhi vimewashwa, ziwe karibu, hotspoti izimwe, na kila mmoja awe ameweka namba ya mwenzake kwenye majina. Android haimo kwenye mazungumzo hayo. Haikukataa, haikuitwa.

Kiti usipande tena. Samsung yako ishaijua paswadi. Android kuanzia toleo la 10, lile la 2019, ina njia yake. Kwako wewe ni Mipangilio, Miunganisho, Wi-Fi, halafu gusa kile kigurudumu mbele ya jina la mtandao wenu. Chini utaona msimbo wa QR. Itatokea ile picha ya madoadoa. Mgeni afungue kamera yake tu, hata ya iPhone, aielekeze pale, agonge tangazo litakalotokea. Basi. Kamera ya iPhone husoma misimbo hiyo tangu hiyo hiyo iOS 11, kwa hivyo hata iPhone ya kitambo haina kisingizio.

#4 MwalimuHesabu (saa 3:58 usiku)

Shukran Fundi, ila sahihisho moja. Namba ya simu haitoshi. Inayotakiwa ni ile barua pepe ya akaunti ya Apple, ndiyo iwe kwenye majina ya mwenzake. Nilipoteza nusu saa na shemeji yangu Tudor. Namba zetu tunazo tangu enzi za kadi za kukwangua, simu zimelala ubavu kwa ubavu, hakuna kitu. Tulipoandika barua pepe, papo hapo.

#5 FundiMwembeTayari (saa 4:02 usiku)

Kweli, Mwalimu. Nimekosea hapo.

#6 Ngalawa_Moja (saa 4:15 usiku)

Mwazunguka bure. Ni biashara. Binamu zako wapeana kwa kidole kimoja na wewe uko juu ya kiti, mwaka ujao utanunua simu gani? Hesabu hiyo haitaki Mwalimu.

#7 MwalimuHesabu (saa 4:33 usiku)

Sikatai biashara imo, lakini si hiyo tu. iPhone haimpi paswadi kila apitaye. Yampa aliye kwenye majina yako, na yamjua kwa akaunti yake. Samsung ya Binti itajitambulisha kwa akaunti gani pale? Halafu msiwaone Android malaika. Nao wana Quick Share, zamani ikiitwa Nearby Share, yapeleka paswadi ya Wi-Fi kutoka Android hadi Android, na iPhone haimo. Hiyo nayo tuiite nini?

#8 Ngalawa_Moja (saa 4:35 usiku)

Biashara.

#9 BintiKibokoni (Jumatatu, saa 2:05 asubuhi)

Fundi, Mungu akuweke. Samsung iliniomba kidole, nikaweka, QR ikatoka. Wana wa mjomba waliobaki wameingia kwa foleni kama wanapigwa chanjo. Shangazi wa Tanga pia, yeye alifungua pale pale kwenye Wi-Fi, kuna kialama cha kuskani.

Yamebaki mawili. Kwanza, mimi leo niko Marikiti mchana kutwa kwa ajili ya viungo, na wageni wengine waja. Wenye simu nyumbani ni mjomba na shangazi. Wataitoa vipi kwenye simu zao? La pili ni mama, lakini hilo nitalileta baadaye maana ni kisa.

#10 Bahari_Shwari (saa 2:40 asubuhi)

Kwa mjomba yategemea iOS yake. Kuanzia iOS 16, ya 2022, aenda Wi-Fi, agusa ile "i" kando ya mtandao, agusa mahali pa paswadi, simu yamkagua uso, halafu yamwonyesha maandishi yenyewe. Akiwa na iOS 18, ya 2024, mambo ni mepesi zaidi. Kuna programu iitwayo Passwords, ndani yake fungu la Wi-Fi, achagua mtandao na humo mna kitufe cha kutoa QR. Hapo Android yoyote yaskani. Kwa hivyo yule ndugu aliyesema hawaozi nje amechelewa, siku hizi wanaoza, ila kwa barua.

Kwa Redmi, shangazi agonge mtandao aliomo, QR itatokea. Zipo ambazo hazionyeshi herufi chini, ni madoadoa matupu. Mwenye kutaka herufi apige skrinshoti kisha aifungue kwa Google Lens, itamsomea.

#11 Tosti_ya_Tudor (saa 2:52 asubuhi)

Na sisi wa iPhone 7? Yangu imekomea iOS 15. Hiyo paswadi haionekani popote.

#12 Kisauni_Kwetu (saa 2:53 asubuhi)

Wewe panda kiti.

#13 Bahari_Shwari (saa 3:10 asubuhi)

@Tosti_ya_Tudor panda kiti mara moja, usome, kisha utengeneze QR yako kwa ile programu ya Shortcuts ikae kwenye picha zako. Usiende kuandika paswadi ya nyumbani kwenye tovuti yoyote uliyoiokota mtandaoni ati yakuchorea QR. Zipo za kweli, lakini mtu humpi mpita njia ufunguo akuchongee nakala.

#14 Mama_Kaimati (saa 4:26 asubuhi)

Nawasoma nacheka. Mimi na akili zangu niliamua kuituma WhatsApp, kundi la familia, kila mtu ainakili mwenyewe. Paswadi yangu wakati huo ilianza kwa nyota na kuishia kwa nyota, nilidhani nimejilinda. WhatsApp ikazimeza nyota zote mbili na neno likatokea kwa wino mzito! Watu wakaandika walichokiona. Siku nzima napigiwa simu, "paswadi yako mbovu". Nami naangalia daftari langu, naona sawa. Ni mwanangu wa darasa la saba aliyeniambia, mama, ukiweka nyota huku na huku WhatsApp hudhani wataka kukoleza.

Na mkiweka kistari cha chini huku na huku, herufi zalala.

#15 Chumvi_Nyingi (saa 4:31 asubuhi)

Na herufi ya kwanza je? Ukimwandikia mtu ujumbe, kibodi yaifanya kubwa bila kuulizwa. Baba yangu aliiandikia nyumba nzima paswadi kwa mwezi ikianza na M kubwa. Ilikuwa m ndogo.

#16 Ngalawa_Moja (saa 4:40 asubuhi)

@Mama_Kaimati kwa hivyo sasa twajua yaanza na nyota na kuishia na nyota. Mwapika saa ngapi, tuje na simu?

#17 Mama_Kaimati (saa 4:44 asubuhi)

Nilibadilisha zamani. Kaimati ni za kununua, Wi-Fi hata uje na sahani.

#18 MzeeWaBaraza (saa 6:18 mchana)

Wanangu, hiyo QR nalikuwa nayo mimi kabla yenu. Mwaka juzi nalichoka kuulizwa. Nikaipeleka ikachapishwa, nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni. Mgeni yuwaingia, salaam, kahawa, yuwaskani. Raha tupu.

Mwezi wa pili intaneti ikawa yatambaa. Usiku mmoja nafungua dirisha, nde kwenye baraza yangu wameketi vijana tisa, kila mmoja ameinamia simu yuwatazama mpira, na hata mmoja simjui jina. Kumbe kuna kijana alitumwa na mamake alete sahani, akaipiga picha fremu yangu. Picha ile ikazunguka mtaa.

Sikuwafukuza, baraza ni ya watu. Nalibadilisha paswadi. Kesho yake wakaja wote kunisalimia kwa adabu, mkono kifuani: "Shikamoo Mzee, Wi-Fi haijambo?"

#19 FundiMwembeTayari (saa 7:02 mchana)

Mzee umenichekesha dukani, mteja akadhani namcheka yeye.

Lakini kisa hiki watu wakielewe. Yale madoadoa hayafichi kitu. Ukiyasoma kwa programu ya kawaida wapata mstari wa maandishi: WIFI, kisha aina ya ulinzi, kisha S na jina la mtandao, kisha P na paswadi yako wazi kabisa kama ulivyoiandika. Ndio maana simu ya aina yoyote huelewa, utaratibu wake ni mmoja. Mwenye picha ana paswadi.

Jambo jingine la kiufundi, kwa wanaojichorea QR. Mstari ule hutenganishwa kwa nukta mkato na nukta mbili. Paswadi yako ikiwa na nukta mkato ndani, msomaji atadhani imekwisha hapo, na ataingiza nusu. Lazima utangulize mkwaju wa kinyume (\) kabla ya alama hiyo. Simu ikichora yenyewe hufanya hivyo. Binadamu husahau.

Na ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Uwashwe, uwe na paswadi yake, harusi ikiisha uuzime. Wageni hawauoni mtandao wenu wa ndani.

#20 Chumvi_Nyingi (saa 7:30 mchana)

Mtandao wa wageni Kibokoni? Mgeni akijua amewekewa wake peke yake atauliza "kwani mimi nimekuwa mtu wa nje?" Kuna majirani hapa kwetu Majengo, tulipowapa paswadi tofauti walituletea sahani tupu. Sahani tupu, jamani.

#21 Kisauni_Kwetu (saa 7:41 mchana)

Sahani tupu ni talaka.

#22 MwalimuHesabu (saa 8:15 mchana)

Nikirudi kwenye asili ya tatizo: ile paswadi ya fundi si ya kuabudiwa. Wi-Fi ya nyumbani hukubali kuanzia herufi 8 hadi 63. Ingia kwenye ruta, weka maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, herufi ndogo tupu, umeyaunganisha. Ni ndefu kuliko ile ya fundi, ngumu kubahatisha, na shangazi aweza kuisema kutoka jikoni. Sifuri na O, moja na l, ndizo zinazoua watu.

#23 Tosti_ya_Tudor (saa 8:20 mchana)

kaimatifremusahanikiti

#24 MwalimuHesabu (saa 8:22 mchana)

Sasa huwezi kuitumia hiyo.

#25 NahodhaMstaafu (saa 10:50 jioni)

Nastaajabu. Mwaka 2009 waya wa TEAMS ulitoka Fujairah, ukapita tini ya bahari mpaka hapa Mombasa. Mwaka huo huo SEACOM nayo ikatia nanga hapa hapa. Mwaka 2010 EASSy. Maelfu ya kilomita ya maji ya chumvi, papa na matumbawe, na intaneti yafika nzima. Ikifika Kibokoni yashindwa kutoka sebuleni kwenda mezani kwa shangazi.

#26 Ngalawa_Moja (saa 10:58 jioni)

Papa hawana iPhone, Nahodha.

#27 BintiKibokoni (saa 2:35 usiku)

Nimerudi, miguu si yangu. Mjomba yuko iOS 18, ile QR ya Passwords imefanya kazi kwa wageni wawili wa Android, mmoja Tecno na mmoja Infinix. Mjomba sasa amejipa cheo, yuko mlangoni na simu kama mkagua tiketi.

Sasa kisa cha mama. "Ile nyeusi" ilikuwa ikiingia Wi-Fi siku zote. Tangu Jumamosi imegoma. Kamera yake haisomi QR, kwa hivyo nilimwandikia paswadi mimi mwenyewe, mara tatu, niking'oa jicho ili nione herufi. Jina la mtandao aliona. Akigusa, yaandika "Inapata anwani ya IP", yazunguka, yazunguka, halafu yarudi "Imehifadhiwa". Basi. Simu ya shangazi iko kando yake yapiga video Tanga bila wasiwasi.

Mama hasemi kitu ila tangu juzi hunitumia watoto waniambie "bibi asema bado".

#28 Kisauni_Kwetu (saa 2:44 usiku)

Hiyo ni GHz 5. Ruta za siku hizi hutoa masafa mawili, 2.4 na 5. Simu za zamani zajua 2.4 tu. Na GHz 5 haipendi kuta. Nyumba zenu za mawe ya matumbawe, ukuta upana wa mkono mzima, hapo hapiti mtu.

#29 MwalimuHesabu (saa 2:57 usiku)

Ingekuwa simu haijui GHz 5, jina la mtandao huo lisingetokea kwake hata kidogo. Yeye aliona. Labda majina ya masafa yote mawili yamefanywa moja, na hiyo ni kawaida, lakini basi ingeshika 2.4 yake kama siku zote.

#30 Bahari_Shwari (saa 3:05 usiku)

Huenda mtu amebadilisha ulinzi ukawa WPA3. Hiyo ni ya 2018, simu ya zamani haiijui. Nani aliingia kwenye ruta Jumamosi?

#31 FundiMwembeTayari (saa 3:20 usiku)

Someni ujumbe wa simu kabla ya kutibu. Ulinzi ukiwa mgeni kwake, ama paswadi ikiwa na kosa, simu hukatika mapema na hukuambia kuna kasoro ya uthibitishaji. Hii yake imefika "Inapata anwani". Maana yake mlango umefunguliwa, ameingia, lakini hajapewa mahali pa kuketi.

Ruta humwazima kila mgeni anwani kwa muda. Nyingine zimewekewa nafasi chache, ama kikomo cha simu. Binti, hebu hesabu vifaa vyote hapo.

#32 BintiKibokoni (saa 3:48 usiku)

Nimehesabu kwa vidole vya watu wawili. Simu kumi na tisa, tableti mbili za watoto, televisheni, na saa ya mjomba ambayo yeye asema si kifaa.

#33 FundiMwembeTayari (saa 3:50 usiku)

Tazama basi. Viti vimejaa.

#34 Chumvi_Nyingi (saa 4:01 usiku)

Fundi, ruta za kawaida zina anwani zaidi ya mia mbili. Harusi gani hiyo?

#35 FundiMwembeTayari (saa 4:06 usiku)

Nyingi ndiyo, si zote. Nimezifungua kwa mikono yangu nikakuta zimewekewa kumi na sita. Na kuna jambo: simu mpya hujipa utambulisho wa bandia kwa kila mtandao, Android tangu 10, iPhone tangu iOS 14 ya 2020. Simu ikijibadilisha jina, ruta yaweza kumhesabu mtu mmoja mara mbili, na ile anwani ya kwanza bado imeshikiliwa.

#36 MwalimuHesabu (saa 4:19 usiku)

Hapo kwa utambulisho umenikumbusha. Simu ya zamani hutumia utambulisho wake halisi, haibadiliki. Kama kuna mtu aliweka orodha ya waliokatazwa kwenye ruta, simu za wageni zitapita kila siku na ya mama itanaswa. Binti, nani mwingine ana ufunguo wa ruta?

#37 BintiKibokoni (saa 4:40 usiku)

Nimemuuliza kaka. Amekohoa kwanza.

Asema Ramadhani iliyopita alimfungia "simu moja" ya mtoto wa jirani aliyekuwa akila intaneti daku mpaka alfajiri. Simu hiyo aliitambua vipi? Eti ilikuwa haina jina kwenye orodha, ni namba na herufi tu. Namuuliza una hakika haikuwa ya mama? Asema Ramadhani mama aliingia kama kawaida. Lakini Jumamosi asubuhi aliingia tena kwenye ruta "kupangapanga" kwa ajili ya wageni. Alipanga nini, hakumbuki.

#38 Ngalawa_Moja (saa 4:42 usiku)

Amekohoa! Kesi imekwisha.

#39 Bahari_Shwari (saa 4:50 usiku)

Haijaisha. Aliyezuiwa kwa orodha mara nyingi hakatiki pale pa anwani, hukataliwa mwanzo.

#40 MwalimuHesabu (saa 4:52 usiku)

Mara nyingi. Yategemea ruta.

#41 Tosti_ya_Tudor (saa 5:05 usiku)

Kabla hamjamfunga kaka wa watu, mama asimame chini ya kabati na simu yake. Chumbani kwake ni nyuma ya kuta ngapi? Mawimbi yakiwa dhaifu simu huishia pale pale pa anwani, maana maneno yapotea njiani.

#42 MzeeWaBaraza (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)

Nyumba za Kibokoni zina wenyewe. Mwaingiza wageni ishirini bila ya kufukiza hata ubani, mwategemea nini?

#43 BintiKibokoni (saa 3:30 asubuhi)

@Tosti_ya_Tudor nimefanya. Mama kasimama chini ya kabati, simu juu kama atafuta mwezi. Iliingia! Dakika moja, jumbe kumi na saba za sauti zikashuka kwa pamoja, kisha ikatoka na haikurudi. Tukajaribu "Sahau mtandao", paswadi upya, pale pale chini ya kabati. Haitaki.

@MzeeWaBaraza ubani umefukizwa toka Ijumaa. Ni harusi.

#44 Kisauni_Kwetu (saa 3:33 asubuhi)

Aliingia alipokaribia. Ukuta! Nilisema.

#45 FundiMwembeTayari (saa 3:36 asubuhi)

Aliingia kwa sababu mtu mmoja alitoka kwenda dukani, kiti kikawa wazi. Aliporudi kamtoa. Ukuta gani uliopo chini ya kabati mara ya pili?

#46 Kisauni_Kwetu (saa 3:37 asubuhi)

Vyombo. Kabati la vyombo, masufuria ya bati yamejaa. Bati ni ukuta.

#47 NahodhaMstaafu (saa 4:12 asubuhi)

Hapo kijana ana neno. Ruta haikai na masufuria. Iteremsheni.

#48 BintiKibokoni (Jumatano, saa 1:50 asubuhi)

Imeingia.

Jana usiku stima ilipotea mtaa mzima, kama nusu saa. Iliporudi, kabla hata feni hazijashika kasi, mama akaita kutoka chumbani, huko huko nyuma ya kuta: "Bado yazunguka... la, imeshika." Na imeshika mpaka sasa. Hakuna aliyegusa kitu. Ruta iko juu ya kabati na masufuria yake.

Ila niseme ukweli: jana jioni kaka aliingia kwenye ruta akaiondoa ile orodha ya waliokatazwa, kwa kuogopa maneno yenu hapa. Na mjomba aliondoka magharibi na wanawe watatu kwenda kulala kwa ndugu Bamburi. Kwa hivyo sijui.

#49 FundiMwembeTayari (saa 1:58 asubuhi)

Wanne wametoka, ruta imezimika ikasahau anwani zote za kuazima, mama akawahi kiti. Nimemaliza.

#50 MwalimuHesabu (saa 2:03 asubuhi)

Orodha imeondolewa jioni, ruta imezimwa na kuwashwa usiku, mabadiliko yakaanza kazi. Hii yahitaji maelezo gani zaidi?

#51 Kisauni_Kwetu (saa 2:04 asubuhi)

Ruta za mtaa mzima zilizimika, zikawaka moja moja, ya kwenu ikachagua njia isiyo na fujo kwenye 2.4. Kwa hivyo mawimbi.

#52 MzeeWaBaraza (saa 2:20 asubuhi)

Ubani ulichukua siku nne kufika vyumba vya nyuma. Ni kuta zile.

#53 Mama_Kaimati (saa 2:41 asubuhi)

Binti, mama yuasemaje?

#54 BintiKibokoni (saa 2:49 asubuhi)

Hasemi. Yuwasikiliza jumbe za sauti tangu alfajiri, kwa sauti kubwa, moja baada ya nyingine, na nyumba nzima sasa yajua nani hakualikwa. Nawashukuru, nina mchele kilo hamsini wa kuchagua.

#55 Likoni_Ngambo (saa 8:07 mchana)

Samahani nimechelewa, ndiyo kwanza nausoma uzi. Yangu ni hivyo hivyo kama ya mama, "Inapata anwani" kisha "Imehifadhiwa". Niko mwenyewe nyumbani, sina wageni, sina kaka, kuta ni za matofali. Nianzie wapi?

#56 Kisauni_Kwetu (saa 8:09 mchana)

Ngoja stima ipotee.